Nimepewa rufaa ya kliniki ya akili, Jumanne naenda. Hivi kule huwa wanakuuliza nini?

#1 Chaki_Nyeupe
Habari za usiku wakuu. Naandika saa nane hii kwa sababu usingizi haupo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 38, watoto wawili. Tangu mama yangu afariki mwezi wa tatu sijalala usiku mzima hata mmoja, nashtuka saa nane saa tisa moyo unaenda mbio, jasho, mikono inatetemeka mpaka nikiandika ubaoni watoto wanacheka herufi, nimepungua kilo saba. Na mara mbili nimemsikia mama ananiita jina langu la utotoni, wazi kabisa, nikaitika.

Kituo cha afya wamepima malaria hamna, taifodi hamna, presha imepanda kidogo. Daktari kaniuliza maswali mawili matatu nikaanza kulia mbele yake, hapo hapo kaandika rufaa ya hospitali ya mkoa, kliniki ya afya ya akili. Mume wangu anasema nisiende, nikionekana pale mtaa mzima wataniita kichaa.

Aliyewahi kupita kule aniambie alichokiona kwa macho yake, sio alichosimuliwa. Wanapima nini? Wananilaza? Mwalimu mkuu atajua?

#2 Mgeni_Njia
Pole sana mwalimu. Nakaa hapa nasoma, nna mdogo wangu naye yuko hivyo hivyo.

#3 Dereva_wa_Usiku
Pole dada. Mimi nilienda 2021. Niliendesha lori, mtu akaingia barabarani akafariki, polisi waliona sio kosa langu lakini kila nikifika ile kona mikono inaganda kwenye usukani.

Kwanza ujue hamna mashine. Mimi nilijua ntavalishwa waya kichwani kumbe ni meza, viti vitatu, faili la kijani na daktari dada mdogo tu kwa umri. Akasema "karibu kaka, nini kimekuleta leo". Nikanyamaza kama dakika mbili nzima. Hakunikatisha, aliweka kalamu chini akasubiri. Hiyo kalamu naikumbuka mpaka leo.

Halafu maswali ya kawaida sana, unalala saa ngapi unaamka saa ngapi, unakula, unakaa na nani, pombe, bangi, mirungi, kwenye ukoo kuna mtu amewahi kuugua hivi, ulishawahi kuanguka kifafa au kugonga kichwa. Akaniuliza "kuna mtu unahisi anakufuatilia?" nikamwambia ndio, wale wa mikopo ya kausha damu, wanakuja mpaka getini. Hakushtuka. Akauliza wanakuja siku gani, wako wangapi, mkeo naye anawaona? Kisha akamwita mke wangu akamuuliza yeye peke yake. Hapo nikaelewa anatafuta nini, anataka kujua hao watu wapo kweli au wapo kichwani kwangu tu. Wapo kweli bahati mbaya.

#4 Mzee_wa_Data
Dada angalia usije ukaingia mtegoni. Ukishafika kule unawekwa chini ya uangalizi siku 42, ndo sheria. Jirani yetu alipelekwa Isanga, kule kwa wagonjwa wa akili, akakaa hizo siku zote hakuruhusiwa hata simu.

#5 Nesi_wa_Zamu
#4 hapana mkuu, unamtisha mtu bure. Nimefanya kazi wodi ya akili miaka 11. Siku 42 ni za mshtakiwa aliyeko mahakamani. Mtu ana kesi, inaonekana huenda hakuwa na akili timamu alipotenda, basi hakimu anaamuru apelekwe akachunguzwe, na daktari mkuu wa hospitali anatakiwa atoe ripoti ya maandishi ndani ya siku 42. Ipo kwenye sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai. Isanga pale Dodoma ndo kazi yake hiyo, iko chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Jirani yenu alikuwa na kesi?

Mwalimu, wewe unaenda kliniki ya nje. Unaingia, unaongea, unatoka, unarudi nyumbani na tarehe. Kulazwa kupo pale mtu akiwa hatari kwake au kwa wengine, au amefika hali ya kutokula kutokunywa. Mtu aliyeandika uzi uliopangika kama wako saa nane usiku siyo wa kulazwa kwa nguvu.

#6 Mzee_wa_Data
Alikuwa na kesi ya kuchoma nyumba ya kaka yake. Sawa nesi, hapo nimekosea, samahani mwalimu.

#7 Wa_Eldoret
Niaje watu wa bongo. Huku Kenya mtu akikutusi anakuambia "wewe ni wa Mathari". Nyinyi naskia ni Mirembe, Waganda wanasema Butabika. Kila nchi imechukua jina la hospitali ikaligeuza tusi, na hiyo ndiyo inafanya watu wakae na ugonjwa kwa nyumba miaka na miaka. Mathari imekuwa hapo tangu 1910, kabla ya hapo ilikuwa mahali pa kutenga wagonjwa wa ndui, kwa hivyo hata mwanzo wake ulikuwa kufungia watu mbali na wengine.

Mimi nilienda kliniki kwa sababu ya stress ya shule, nilikuwa chuo mwaka wa tatu. Daktari aliniambia nitoe 7 kwa 100 halafu niendelee kutoa 7. Nikasema 93, 86, 78... nikakwama. Nilidhani nimefeli, nikatoka hapo nikijua sasa mimi ni wazimu rasmi.

#8 Chaki_Nyeupe
79 sio 78 😊 Hapo ndo kazi yangu hiyo. 79, 72, 65.

#9 Wa_Eldoret
Ona sasa, mwalimu ameshapita mtihani kabla ya Jumanne 😂 Mtihani umevuja.

#10 Nesi_wa_Zamu
Watu wengi wanadhani ni mtihani wa kufaulu na kufeli, siyo hivyo. Ile 7 wanaangalia kama unaweza kushika jambo kichwani bila kupotea. Mtu ambaye hajasoma haulizwi hiyo. Anaulizwa una elfu kumi umenunua unga wa elfu tatu na mia tano utarudishiwa ngapi, au ataje siku kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Nimeona mama muuza samaki anajibu chenji kwa kasi kuliko daktari mwenyewe.

Na kuna maneno matatu utaambiwa uyashike, tuseme embe, kiti, shilingi, mnaongea mambo mengine, baada ya dakika tano hivi unaulizwa yalikuwa yapi. Utaulizwa leo tarehe ngapi, uko wapi, rais ni nani. Usione unadharauliwa, wanaulizwa wote hata mawakili.

Lakini ukweli kipimo kinaanza mlangoni. Umevaaje, umeoga, unatembea vipi, unamtazama mtu au unatazama chini, sauti iko juu au inanong'ona, unaongea bila kituo au unasubiri kuulizwa. Unaposema "niko vizuri tu" wanaangalia kama uso nao unasema hivyo.

#11 Tumaini_la_Pangani
Methali je, huwa bado wanauliza? Mjomba wangu ni fundi majahazi, alipelekwa na mkewe baada ya kuwa haongei na mtu. Daktari kijana akamuuliza "ukiona vyaelea?" Mjomba akajibu vimeundwa. "Maana yake nini?" Basi mjomba ambaye alikuwa kimya miezi miwili akaanza, kwanza unalaza mkuku, halafu unasimamisha mataruma, mbao zinafuata moja moja, kalafati ya pamba unaisukuma kwenye kila mwanya, ndo unapaka sifa, yale mafuta ya papa, ili maji yasiingie. Kaeleza kama robo saa, mikono inaonyesha hewani kana kwamba chombo kiko mbele yake. Daktari kamsikiliza mpaka mwisho halafu akaandika mstari mmoja. Mimi nilikuwepo, natamani mpaka leo kujua aliandika nini.

#12 Mzee_wa_Data
Aliandika kwamba mgonjwa hawezi kuona maana iliyojificha. Hilo ndo lengo la methali, ukijibu kama ilivyo bila kwenda ndani ni dalili.

#13 Bint_Korosho
Dalili ya nini tena? Mtu umemuuliza kuhusu vyombo na yeye ni fundi wa vyombo. Angemuuliza mkulima wangu "bandu bandu huisha gogo" naye angemwonyesha shoka. Hiyo ni kazi yake inaongea.

#14 Tumaini_la_Pangani
Ndo ubishi uliopo kwenye familia mpaka leo. Shangazi anasema alikuwa mgonjwa ndo maana. Mimi naona siku ile ndo alianza kupona maana tangu pale akawa anasema. Dawa alipewa pia kwa hiyo sijui tuipe sifa ipi.

#15 Nesi_wa_Zamu
Methali bado wapo wanaouliza. Hakuna daktari mwenye akili anayeamua kwa methali moja. Na bibi ambaye hajashika kalamu maisha yake yote huwezi kumwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi halafu ukahukumu mchoro wake. Niliwahi kumwona bibi amechora jua.

#16 Ustadh_Darajani
Assalam alaykum. Sijaona mtu kagusa jambo la kuitwa na marehemu. Hapa kwetu Unguja mtu akisikia anaitwa usiku wazee wanakataza kuitika. Dada umesema umeitika mara mbili. Inaweza kuwa ni katika mambo ya majini, kwa hivyo nashauri usomewe ruqya, yaani aya za Qur'ani za kinga, kwa mtu anayejulikana, asokuchukulia fedha nyingi wala kukwambia umtaje aliyekufanyia. Lakini pia hospitali nenda. Mimi mwenyewe nimepeleka vijana hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu na daktari aliniuliza waziwazi, "mumeshampeleka wapi kabla ya hapa, amesomewa, amepewa kombe la kunywa?" Nilimweleza yote wala hakunikebehi. Akasema Qur'ani endeleeni, dawa asiache.

#17 Mama_wa_Moravian
Mimi Mkristo lakini nakubaliana na ustadh hapo mwisho. Kuhusu sauti mimi nina maelezo mengine. Nilipofiwa na mume nilisikia anakohoa chumbani miezi mitano. Akikohoa nageuka. Sikuwa na jini wala wazimu, nilikuwa nimezoea kile kikohozi miaka 26. Kwetu Rungwe bibi zetu wangeuliza kwanza kama matanga yalikwenda sawa na kama kuna neno marehemu aliacha halijatimizwa. Mwalimu, mama yako aliacha neno gani?

#18 Chaki_Nyeupe
Mama #17 umenifanya nikae chini. Aliniambia nivigawe vyombo vyake kwa dada zake. Viko vyote kwenye kabati langu, sijagawa hata kikombe.

#19 Fundi_Hadubini
Samahani nitakuja na kitu kikavu kidogo. Nafanya kazi maabara. Kupungua kilo saba, jasho, mikono kutetemeka, moyo mbio, kukosa usingizi, kabla hatujafika kwa jini wala kwa marehemu, amepimwa TSH, kile kipimo cha damu cha tezi? Tezi ya shingoni, ile ya goita, ikifanya kazi kupita kiasi inaleta orodha yako yote ukiacha hiyo sauti. Nimeona watu wametibiwa "wasiwasi" mwaka mzima kumbe ni tezi. Daktari mzuri wa akili atakuandikia damu: tezi, sukari, wingi wa damu, ini, kaswende, na VVU kwa ridhaa yako. Siyo kwamba anakushuku kitu, ni kwamba magonjwa ya mwili yanajua kuvaa nguo za ugonjwa wa akili.

Pia beba dawa ZOTE unazotumia kwenye mfuko, na za kienyeji. Vidonge vya pumu vya salbutamol vinatetemesha mikono na kukimbiza moyo. Prednisolone inaweza kumbadilisha mtu kabisa. Na zile dawa za VVU za zamani zenye efavirenz zilikuwa zinaleta ndoto za kutisha kabla watu hawajahamishiwa dolutegravir.

#20 Chaki_Nyeupe
Nina pumu. Natumia vidonge na mwezi wa nne niliongeza mwenyewe kwa sababu ya vumbi la chaki. Sikuwahi kuwaza kuwataja.

#21 Fundi_Hadubini
Vitaje. Na umwambie kwamba uliongeza mwenyewe, usione aibu.

#22 Kijana_wa_Saikolojia
Nasoma mwaka wa mwisho. Mimi naona sonona hapa, yaani depression. Kuna fomu ya PHQ-9 ipo kwa Kiswahili, inauliza wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na vitu kama kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, umakini. Unajaza 0 mpaka 3. Jumla ni 21, ukifika 10 inaanza kuwa ya kuangaliwa.

#23 Nesi_wa_Zamu
Kijana vizuri ila rekebisha. PHQ-9 ina maswali 9, tisa mara tatu ni 27. Hiyo 21 ni ya GAD-7 ya wasiwasi, maswali 7. Halafu mtu aliyefiwa akijaza hiyo fomu miezi ya mwanzo alama zinapanda tu, ndo maana fomu haitoi jibu peke yake, inafungua mazungumzo. Na salbutamol nayo inamnyima mtu usingizi, alama inapanda tena.

#24 Kijana_wa_Saikolojia
Asante dada nesi, nimechanganya kweli. Lakini bado nabaki na sonona. Miezi minne kutolala na kulia mbele ya mgeni sio vidonge vya pumu.

#25 Zuwena_Maskati
Mimi niko Oman. Niliposhikwa na hali hii mwaka juzi nilipelekwa hospitali na mkalimani wa Kiarabu. Nikasema "moyo wangu unaniuma, roho imenikaa juu". Mkalimani katafsiri neno kwa neno, nikalazwa kitandani nikabandikwa nyaya kifuani, moyo ukapimwa, mzima. Nililia kwa kuwa hakuna aliyenielewa. Niliporudi likizo Tanga daktari aliniuliza swali moja tu, "moyo upi dada, huu unaodunda au ule wa kusononeka?" Mshukuruni Mungu nyie mnaoulizwa kwa lugha yenu.

#26 Dereva_wa_Usiku
Zuwena hilo ni neno kubwa. Kuna mtu anakwambia kichwa kinawaka moto, mwingine kuna wadudu wanatembea kichwani, na daktari wa huku anajua anachomaanisha.

#27 Bint_Korosho
Mmesahau swali zito. Watamuuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru au kuona bora asingekuwepo. Kaka yangu alidanganya akasema hapana kwa sababu aliogopa polisi. Tukamrudisha baada ya wiki mbili akiwa vibaya sana. Mwalimu kama kuna kitu kama hicho kiseme, tafadhali.

#28 Wa_Eldoret
Hiyo hofu ya polisi ni ya ukweli. Kenya kujaribu kujiua ilikuwa kosa, kifungu cha 226, mpaka Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikasema kinapingana na katiba. Tz najua kosa bado liko kwa Kanuni ya Adhabu.

#29 Nesi_wa_Zamu
Lipo, lakini kuwaza sio kujaribu, na kumwambia daktari unachowaza sio kujipeleka polisi. Yale mliyoongea chumbani ni siri ya mgonjwa. Akiona maisha yako yako hatarini atamshirikisha mtu wa karibu na atakwambia kwamba anafanya hivyo. Wanauliza kila mtu, kwa sauti ile ile ya kuuliza umekula nini. Na kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, nimeona wengi wanashusha pumzi pale wanapoulizwa maana walikuwa wanasubiri mtu athubutu.

Mwalimu, usiku huu uko salama?

#30 Chaki_Nyeupe
Niko salama nesi. Sijawahi kuwaza kujiondoa, nimewaza tu kulala nisiamke mapema. Nadhani ni vitu viwili tofauti lakini ntamwambia kama kilivyo. Mdogo wangu amehamia kwangu tangu juzi.

#31 Mfanyakazi_Mtiifu
Kuhusu mwalimu mkuu, omba ED ya siku hiyo, ile ruhusa ya daktari ya kutofika kazini, karatasi inasema umehudhuria hospitali basi, haitaji ugonjwa. Mimi sikujua, nikampelekea bosi kadi yangu ya kliniki yenye kila kitu, ofisi moja hivi sitaitaja, wiki iliyofuata nikaondolewa dirisha la fedha nikapelekwa stoo. Hakuna aliyeniambia sababu. Nenda na ED peke yake.

Kama hela inasumbua muulize afisa ustawi wa jamii pale hospitali kuhusu msamaha, watu wengi hawajui kama yupo.

#32 Mgeni_Njia
Nimesoma yote. Swali dogo, kwenda na ndugu ni lazima? Mdogo wangu hataki mtu aingie naye.

#33 Nesi_wa_Zamu
Sio lazima ila ni vizuri, na anaweza kubaki nje mpaka aitwe. Mgonjwa huwa hajui nusu ya anachofanya usiku. Ndugu anajua.

#34 Chaki_Nyeupe
MREJESHO. Nimerudi jana jioni, leo ndo nimepata nguvu ya kuandika.

Tumefika saa moja na nusu asubuhi, kuonwa saa tano kasoro. Kwenye benchi tulikuwa wa kila aina, mama na mtoto wa kifafa, kijana wa sindano ya mwezi anayefahamiana na kila nesi, mzee mmoja na suti amenyooka. Mzazi wa mwanafunzi wangu naye alikuwepo. Tumesalimiana kwa macho, hakuna aliyesema neno.

Daktari ni mzee, akasoma rufaa akaniita mwalimu. Aliuliza karibu yote mliyosema, tarehe, mahali, maneno matatu (kwangu yalikuwa kisima, sahani, mbuzi, sahani nikaisahau na sijui kwa nini hiyo ndo imeniliza). 100 kutoa 7 nimeenda mpaka mwisho. Methali hakuuliza mkuu wa Pangani, nilikuwa nimejiandaa. Kuhusu sauti alitaka kujua nilikuwa nimelala, nasinzia au macho kabisa, inatoka nje au ndani ya kichwa, inaniamrisha kitu au inaniita tu. Ya kwanza nilikuwa nasinzia, akasema hiyo inawapata watu wengi wazima. Ya pili nilikuwa jikoni, macho kabisa. Hapo aliandika sana.

Vidonge vya pumu nilivimwaga mezani. Alihesabu vilivyobaki, akatikisa kichwa, kanirudisha kwenye ya kuvuta.

Kisha akaniomba nitoke, mdogo wangu aingie. Dakika kumi tu. Tukiwa kwenye daladala nikamuuliza umesema nini kule. Akasema, dada, nimemwambia unavyofagia. Nikasema kila mtu anafagia. Akasema unafagia uwanja saa tisa usiku, kila usiku, ukimaliza unatoa vyombo vya mama kabatini unavipanga mkekani, unavihesabu, unavirudisha. Nikamwambia nafagia saa kumi na mbili asubuhi. Akanyamaza. Mimi nakumbuka kabisa kukiwa na mwanga.

#35 Mama_wa_Moravian
Vyombo hivyo mwanangu. Vipeleke kwa dada zake.

#36 Ustadh_Darajani
Allah akuponye. Hilo la kufagia usiku lisidharauliwe, nasema tena usomewe.

#37 Fundi_Hadubini
Damu wamechukua?

#38 Chaki_Nyeupe
Wamechukua chupa tatu. Majibu ya tezi nikirudi baada ya wiki mbili. Kidonge kanipa cha usingizi kwa siku chache tu, akasema hataki kuanza kingine kabla hajaona damu na kabla hicho cha pumu hakijatoka mwilini.

#39 Kijana_wa_Saikolojia
Amekuambia ni nini? Sonona?

#40 Chaki_Nyeupe
Hakusema jina. Nilimuuliza akajibu "mwalimu, leo nimeanza kukufahamu". Kwenye faili niliona kaandika vitu vitatu mstari mmoja mmoja na kila kimoja mbele yake alama ya kuuliza. Mwandiko sikuweza kuusoma.

#41 Mzee_wa_Data
Tezi, sonona, na dawa ya pumu. Wazi kabisa.

#42 Bint_Korosho
Au msiba, sonona na tezi. Dawa ya pumu ameshaiona haina haja ya alama ya kuuliza.

#43 Tumaini_la_Pangani
Na sisi mpaka leo hatujui mstari wa mjomba ulisema nini, mwalimu ana mitatu. Mume wako anasemaje?

#44 Chaki_Nyeupe
Hajasema kitu. Ila jana usiku nimemkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa uani saa tisa, na blanketi. Nikamuuliza unafanya nini huku nje akasema joto. Fagio mdogo wangu amelala nalo chumbani kwake.